Chemirocha si Nusu Swala: Hoja dhidi ya "Athari" katika Uhakiki Wetu

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hakuna neno linalotumiwa kwa wepesi kama neno "athari". Mwanafunzi wa uzamili akikwama katika sura ya pili ya tasnifu yake, humtafutia mwandishi wake mtu aliyemwathiri, na sura ikajiandika yenyewe. Euphrase Kezilahabi ataambiwa kuwa ni mwana wa Nietzsche na Camus, na riwaya zake Nagona (1990) na Mzingile (1991) zitasomwa kana kwamba ni barua zilizoandikwa Ulaya zikapitishwa Ukerewe kugongwa muhuri tu. Mashairi huru yatarudishwa Uingereza, taarab itarudishwa Cairo. Hatusemi kwamba ni kosa kutafuta chimbuko. Tunalolalamikia ni kwamba mhakiki akishalipata chimbuko huacha kusoma.

Makala haya yanachukua mfano mmoja tu, na si wa Kiswahili. Unatoka Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, mwendo wa asubuhi moja kwa matatu kutoka hapa Nakuru kwa kupitia Mau Summit na Kericho. Tumeuchagua kwa sababu unaonyesha, waziwazi kuliko mfano wowote wa Kiswahili tunaoujua, jinsi tendo moja la kisanaa linavyopewa jina la heshima likitendwa Marekani na jina la dhihaka likitendwa Bonde la Ufa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnamo 1950 Hugh Tracey, Mwingereza mzaliwa wa Devon aliyeishi kusini mwa Afrika tangu ujana wake, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa hapo zipo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Ya kwanza iliimbwa na Bekyibei arap Mosonick, ya pili na mwanamume mwingine, na ya tatu, ambayo ndiyo iliyosafiri mbali zaidi, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Ala inayosikika ni chepkong'o, kinubi cha Wakipsigis, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu. Na Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekuwa amefariki miaka kumi na saba kabla ya mitambo ya Tracey kufika Kapkatet. Sauti yake ilikuwa imetangulia kwa santuri na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, chombo ambacho hakikuhitaji umeme wala ujuzi wa kusoma.

Rodgers huyu anastahili maneno machache, kwa maana wasomaji wengi wa jarida hili hawana sababu ya kumjua. Alizaliwa 1897, akafanya kazi ya kushika breki katika magarimoshi, akaugua kifua kikuu, akaacha reli akashika gitaa. Alirekodi kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1927 mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amerekodi wimbo wa kwanza wa ule mfululizo wake ulioitwa Blue Yodel: bluzi za Wamarekani weusi, zilizopokewa na Mzungu aliyefanya kazi miongoni mwao relini, zikatiwa kiitikio cha yodeli, yaani ile sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi kichwani bila maneno yoyote. Alifariki New York mwezi Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Marekani humwita baba wa muziki wa kantri. Lakini mwaka 1986, wakati waasisi wa jumba la heshima la muziki wa roki walipochagua watu wao wa mwanzo, walimwingiza Rodgers humo pamoja na Robert Johnson kama chemchemi za awali za muziki huo. Kwa hiyo tunapomzungumzia Chemirocha tunamzungumzia mmoja wa mababu wa rokenroli, ambaye nyimbo za Kapkatet zilimpokea kabla ya wazazi wa mashabiki wengi wa roki kumsikia.

Sasa tuje kwenye tatizo. Katika maelezo yaliyoambatana na santuri ile ya tatu, Tracey aliandika kwamba wasichana wa Kipsigis wamemgeuza mwimbaji huyo kuwa mungu wa kienyeji mfano wa Pan, nusu mtu na nusu swala, na kwamba wanamhimiza acheze kwa kuruka mpaka aruke nje ya nguo zake. Maelezo hayo ni mafupi mno, lakini yameishi kuliko wimbo. Katika miaka ya 2010 maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha 1954, na ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi hizo mahali zilikotoka. Lilikuwa jambo la maana sana. Hata hivyo habari zilizosambaa ng'ambo kuhusu safari hiyo zilimrudia yule yule swala. Msomaji wa London au New York alipata kicheko chake cha asubuhi: Waafrika walisikia gramafoni wakaona mnyama.

Tunasikitika kusema kwamba baadhi ya wahakiki wetu wa nyumbani nao huirudia hadithi hiyo, tena kwa fahari, kama ushahidi wa "uwezo wa kubuni visasili" wa jamii simulizi. Sifa ya namna hii ni tusi lililovaa kanzu.

Tuanze na Pan. Pan ni mungu wa Wayunani, mwenye miguu na pembe za mbuzi, na hakuna msichana wa Kapkatet aliyempeleka Tracey kwake. Tracey alimleta mwenyewe kutoka katika malezi yake ya Kiingereza. Ukimwondoa Pan, kinachobaki ni wasichana wanaomfananisha mwanamume na swala katika wimbo wa kuruka. Je, hilo ni jambo la kushangaza? Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tunajua kwamba shujaa huitwa simba, mrembo huitwa njiwa, na adui huitwa nyoka, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuandika kwamba Waswahili waliamini kuwa mashujaa wao wana mikia. Raila Odinga aliitwa Tinga kwa sababu chama chake cha miaka ya tisini kilitumia trekta kuwa alama ya uchaguzi. Hatujaona tasnifu inayodai kwamba wafuasi wake walimwona kuwa nusu mtu na nusu trekta. Istiara ni istiara. Ikisemwa na mtu wa mjini huitwa tamathali. Ikisemwa na msichana wa 1950 mwenye shanga shingoni, huitwa imani.

Na swala anahusiana na nini? Anahusiana na kuruka. Kwa Wakipsigis, kama ilivyo kwa majirani zao, kijana wa kiume hupimwa katika ngoma kwa jinsi anavyoruka, na wapimaji ni wasichana. Wasichana wa Chemutoi Ketienya walimwita mgeni aingie uwanjani wampime. Hili ni tendo la mamlaka. Anayemwambia mwingine "ruka tukuone" ndiye mwenye uwanja. Kumwambia aruke mpaka nguo zimvuke ni utani wa wazi, ule ambao mabinti huwafanyia wavulana wanaojigamba. Ikiwa sisi wenyewe, ambao tumeandika kurasa nyingi juu ya utani wa makabila na dhihaka ya mashairi ya majibizano, tunasikia maneno hayo na kufikiria ibada ya mungu, basi tatizo la kusikia liko kwetu.

Lipo jambo jingine ambalo maelezo ya santuri hayakuligusa. Kufikia 1950 mtu wa ng'ambo hakuwa kiumbe wa ndotoni katika nchi ya Wakipsigis. Alikuwa Bwana DC. Alikuwa meneja wa shamba la chai la Kericho, katika ardhi ambayo wazee walikumbuka ilikuwa ya nani. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria mahsusi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho, ikawapeleka uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Hatudai kwamba wasichana hao walitunga wimbo wa siasa. Tunadai kwamba mhakiki anayesikia vijana wa jamii hiyo, miaka kumi na sita baada ya uhamisho huo, wakimtania mtu wa ng'ambo acheze hadi nguo zimtoke, kisha asijiulize swali lolote kuhusu nani alikuwa na kawaida ya kumwamuru nani, mhakiki huyo amelala kazini.

Tukae sasa kidogo kwenye jina lenyewe, kwa maana hapo ndipo penye utajiri. Imezoeleka kusemwa kwamba "Chemirocha" ni jina la Jimmie Rodgers lililoharibika kinywani mwa watu wasiojua Kiingereza. Neno "kuharibika" halina nafasi katika isimu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelipigiwa mstari mwekundu. Lugha za Kikalenjin hazitofautishi sauti ghuna na zisizo ghuna jinsi Kiingereza kinavyofanya. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya "Jimmie" haikuwa na njia nyingine ila kuwa "ch", na ile iliyo katikati ya "Rodgers" vivyo hivyo. Hakuna kilichopotea hapo kwa bahati mbaya. Kanuni ya fonolojia ilifanya kazi yake. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Neno lililozaliwa linaanza na "Che-", na kila anayeishi Nakuru, hata asiyejua Kikalenjin, anajua hilo lina maana gani. Wavulana ni Kipkoech, Kiprono, Kibet. Wasichana ni Chepkoech, Cherono, Chebet. Kiongozi wa waimbaji wenyewe anaitwa Chemutoi. Mwanamume wa Mississippi amepita katika fonolojia ya Kipsigis akatokea upande wa pili amesimama katika safu ya majina ya wasichana, bega kwa bega na anayemwimba. Na kwa kuwa kinubi nacho ni chepkong'o, jina lake linakaribiana pia na la ala inayomsindikiza.

Wasemaji wa Kiswahili wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wote, maana lugha yetu haina hodari wa kumshinda katika mchezo huo. Mwarabu alituletea "kitab"; sisi tukasikia ki- ya ngeli, tukaunda vitabu. Mzungu aliweka kibao cha kuwaambia madereva washike upande wa kushoto. Tanzania ikapata kiplefti, na vikiwa viwili vikawa viplefti. Vipande vya bati vinavyozuia matope ya gurudumu viliitwa madigadi, kikiwa kimoja ikawa digadi, na ma- ya Kiingereza ikageuka ma- ya wingi. Hakuna mwanaisimu mwenye akili timamu atakayesema kwamba wingi wa "vitabu" ni athari ya Kiarabu. Ni kinyume chake kabisa: ni Kiswahili kilichofika kazini. Kitenzi sahihi hapa ni "kutwaa", na mtendaji wa kutwaa ni yule anayetwaa. Katika "kuathiriwa" mtendaji ni mwingine na mpokeaji hana la kufanya, kama nguo inayoathiriwa na jua. Sarufi yenyewe ya neno tulilolichagua imeshatoa hukumu kabla hatujausikia wimbo.

Baadhi ya wenzetu watajibu kwamba tunalazimisha mambo, kwamba mabinti wa Kapkatet hawakuwa na nadharia yoyote, walikuwa wakicheza tu. Jibu letu ni kuwaomba waelekeze hoja hiyo hiyo kwa mwimbaji mwingine wa wakati ule ule aliyemsikia Rodgers kwenye santuri.

Chester Burnett alizaliwa Mississippi mwaka 1910, mtu mweusi mwenye kimo kikubwa na sauti nzito kama ya jiwe linaloburutwa. Alimpenda Rodgers. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba alijaribu kuiga yodeli yake, koo likamkatalia, akaishia kulia kama mbwa mwitu. Kilio hicho kikawa sanaa yake, naye akajulikana duniani kwa jina la Howlin' Wolf, Mbwa Mwitu Abwekaye. Mnamo 1951 alirekodi mjini Memphis katika studio ya Sam Phillips, ile ile ambamo Elvis Presley angeingia miaka michache baadaye. Akahamia Chicago, na kutoka huko sauti yake ikawafikia vijana wa Uingereza. Mwaka 1964 Rolling Stones walifika kileleni mwa chati za Uingereza kwa Little Red Rooster, wimbo aliokuwa ameurekodi yeye, na 1965 walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani walisisitiza kwamba Wolf naye aonekane, wakaketi chini kumsikiliza. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote kutoka kwa Rodgers hadi kwenye roki, na inapita katika koo la mtu mweusi aliyeitwa mnyama.

Linganisha tarehe: Kapkatet 1950, Memphis 1951. Linganisha tendo: katika kila upande msanii mweusi anasikia santuri ya Mzungu ambaye naye alichota kwa weusi, hawezi au hataki kuiga, anaigeuza iwe kitu cha kwake, na katika kugeuza huko anatokea mnyama, swala hapa, mbwa mwitu kule. Sasa soma wahakiki. Kuhusu Memphis wanaandika juu ya ubunifu, upekee wa sauti, mapinduzi ya muziki. Kuhusu Kapkatet wanaandika juu ya watu walioshangazwa na mashine. Hakuna aliyeandika kwamba wapenzi wa bluzi wa Chicago waliamini Burnett alikuwa na manyoya. Tofauti haimo katika sanaa. Imo katika jicho la anayeandika.

Wala hatuhitaji kwenda kwa wanamuziki. Mwaka 1973 Harold Bloom alichapisha kitabu cha nadharia kuhusu wasiwasi wa kuathiriwa, kinachotajwa mara kwa mara katika mihadhara yetu. Hoja yake kuu ni kwamba mshairi mwenye nguvu humsoma mtangulizi wake kombo, tena kwa makusudi ya nafsi yake, ili apate nafasi ya kusema lake. Kwa Bloom, kusoma kombo ni alama ya ushujaa wa Milton na warithi wake. Tunakifundisha kitabu hicho asubuhi. Mchana tunapofika kwenye fasihi simulizi, Chemirocha anapowekwa mbele yetu, kusoma kombo kule kule kunaitwa kutoelewa. Kama nadharia inafaa kwa Waingereza na haifai kwa Wakipsigis, haifai kuitwa nadharia.

Hapa tuseme jambo moja kwa haki. Bila Tracey hatungekuwa na wimbo huu mkononi. Alisafiri maelfu ya maili, alirekodi maelfu ya nyimbo, aliandika majina ya waimbaji wakati ambapo wengine waliridhika kuandika "wenyeji". Kwamba tunaweza leo kutamka jina la Chemutoi Ketienya ni kwa sababu yeye aliliandika. Ugomvi wetu hauko kwake hasa. Mtu aliyepitia jamii nyingi kwa muda mfupi, akitegemea wakalimani, aliandika sentensi chache za haraka kwa ajili ya jalada. Ugomvi wetu ni na miaka zaidi ya sabini ya wasomi walioziona sentensi hizo kuwa ndizo matini, wakauona wimbo kuwa ndio maelezo.

Na hili linatuleta nyumbani. Kwa nini idara zetu za Kiswahili, katikati ya Bonde la Ufa, hazina la kusema kuhusu Chemirocha? Jibu la kwanza husemwa kwa sauti katika vikao vya kupitisha mapendekezo ya utafiti: si Kiswahili. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Lakini idara hizo hizo zinafundisha Juliasi Kaizari wa Mwalimu Nyerere, ambaye asili yake si Kiswahili, na zinafundisha nadharia za Kifaransa kwa tafsiri ya tafsiri. Mpaka unaotenga Kipsigis hauitengi Stratford. Sisi tunaoishi katika mji ambamo Kikalenjin, Kikuyu, Kiluhya na Kijaluo husikika katika foleni moja ya benki, tumeamua kwamba lugha ya kitaifa ni ukuta, ilhali ilikusudiwa kuwa sebule.

Jibu la pili halisemwi, na ndilo zito zaidi. Chemirocha haingii katika masanduku yetu. Mwanafunzi wa shule ya upili hukariri aina za nyimbo kwa ajili ya karatasi ya tatu ya Kiswahili: bembelezi za watoto, nyiso za jandoni, hodiya za kazi, wawe za wakulima, kimai za mabaharia. Ziko wapi nyimbo za kuijibu gramafoni? Uainishaji wetu unachukulia kwamba fasihi simulizi imerithiwa kutoka kwa mababu wasiojulikana, katika zamani zisizo na tarehe. Chemirocha inaukataa msingi huo wote. Ina tarehe: haiwezi kuwa imetungwa kabla ya 1927, kwa kuwa Rodgers hakuwa na santuri kabla ya hapo, wala baada ya 1950. Ina waimbaji wenye majina. Ina mada ya kisasa kuliko riwaya nyingi za Kiswahili za wakati ule. Na ina matoleo matatu kutoka sehemu moja, mawili ya wanaume na moja la wasichana, yaani hazina ambayo mtafiti wa tenzi angeililia: nafasi ya kuona jinsi jina moja linavyobeba nyimbo tofauti kwa waimbaji wa jinsia tofauti mahali pamoja. Mtaalamu wa miswada ya Liyongo akipata tofauti ya neno moja kati ya nakala mbili huandika makala. Sisi tumepewa nakala tatu za sauti, na tumeandika kuhusu swala.

Kuna wanaosema kwamba ni wimbo mdogo wa kitoto, haufai kubeba mzigo wa nadharia. Hata Siti binti Saad aliambiwa maneno ya namna hiyo. Alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, miezi michache tu baada ya Rodgers kuingia studio kwa mara ya kwanza, wapo walioona kwamba taarab ya kweli ni ya Kiarabu na kwamba lugha ya uswahilini haiwezi kuubeba muziki huo. Leo hakuna anayeuliza kama Siti aliathiriwa na Misri kwa namna ya kumpunguzia hadhi. Tunauliza alifanya nini na alichokikuta. Wimbo wa Kapkatet unastahili swali hilo hilo.

Tuongeze kwamba hadithi hii haikuishia 1950. Nani katika mji huu hajasikia muziki wa kantri ukitoka katika duka la vipuri au baa ya barabara ya kwenda Njoro? Kizazi baada ya kizazi, Bonde la Ufa na nyanda za kati zimekuwa na mapenzi na nyimbo za aina hiyo yasiyoelezeka kwa neno "Umarekani". Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et waliimba kwa Kikalenjin kwa magitaa, na hakuna aliyewasikia akadhani yuko Tennessee. Kwa upande wa Gikuyu, wale waimbaji wa gitaa moja wa usiku, kama Mike Rua, huchanganya wimbo wa kanisani, wimbo wa zamani na wa kantri katika pumzi moja, huku wateja wakishikana mabega katika mstari mrefu. Mchezo huo unaitwa mugithi, yaani garimoshi. Mshika breki wa Mississippi angejihisi nyumbani, ingawa angelazimika kusubiri zamu yake nyuma ya mstari.

Tunachodai basi ni kazi, na kazi yenyewe inaweza kuanza muhula ujao. Rekodi tatu za Chemirocha ziandikwe neno kwa neno na mzungumzaji wa Kipsigis aliyesomea isimu, pamoja na toni, maana bila toni Kikalenjin hukaa kwenye karatasi kama samaki nchi kavu. Zifasiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza cha jalada. Mwanafunzi anayetoka Bureti au Bomet na kutaka kuandika tasnifu juu yake katika idara ya Kiswahili asiambiwe aende idara nyingine. Apewe wasimamizi wawili, mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kikalenjin, nao waketi katika chumba kimoja. Na katika orodha ya marejeleo ya tasnifu hiyo, wimbo wa tatu usiwekwe tena chini ya herufi T, kwa jina la Tracey. Uwekwe chini ya K, Ketienya, Chemutoi, 1950, na jina la Tracey lifuate mwishoni mwa mstari, panapostahili jina la mrekodi.